Wivu wa Ngiri Wakati wa Homa ya Kifua

Wenzangu, nije nisije?

— Njoo!

Nije mikono mitupu, au nije na kisa?

— Njoo na kisa!

Nikija nacho mtanipa nini?

— Masikio!

Basi yategeni. Na wewe hapo unayetafuna karanga, tafuna polepole, nami nisikie ninachosema.

Hapo zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakipika kwa vyungu na kuzungushia nyumba zao nyua kama sisi, chini ya kilima cha Mawe Mekundu waliishi majirani wawili. Mmoja alikuwa Ngiri, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Wa pili alikuwa Digidigi, mwanamke mpweke, mdogo wa umbo, mwenye miguu myembamba kama vijiti vya mshikaki.

Nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa miiba. Uzio ule ulikuwa na tundu. Kwenye tundu lile mashoga hao wawili walipeana moto, walipeana chumvi, walipeana na umbea. Asubuhi walitoka pamoja kwenda mbali kuchimba mizizi na kuchuma majani. Jioni walirudi pamoja. Ngiri alitangulia na Digidigi alifuata, kwa sababu siku hizo katika nyika nzima hapakuwa na mwanamke mwenye mwendo mzuri kama Ngiri. Akipita, wanyama waliacha kazi wakamtazama. Naye alijua kwamba anatazamwa.

Kisha ikaja Homa ya Kifua.

Homa ile ilitoka ng'ambo ya mto, na hakuna aliyejua ilianzaje. Mnyama alianza kwa kuhema. Akahema, akatoka jasho. Akatoka jasho, akakohoa. Akimkoholea aliye karibu, na yule naye alianza kuhema. Wengine walipona. Wengine walizikwa.

Tembo, mkuu wa nyika, akapanda kilimani akapiga mbiu.

"Kila mnyama akae nyumbani kwake! Asiingie kwa jirani, wala jirani asiingie kwake! Ukimpa mwenzako kitu, kiweke chini, urudi nyuma! Chakula atawaletea Punda!"

Akaweka na sharti. Atakayeonekana anahema, anatoka jasho na kukohoa, apelekwe kwenye pango lililo nyuma ya kilima, akae humo na wagonjwa wenzake. Mganga wa pango alikuwa Korongo, na neno lake lilikuwa la mwisho.

Basi wanyama wakakaa. Njia zikaota majani. Kisimani hapakuwa na kelele. Ulisikia upepo, na Punda akipita na mizigo.

Punda alipita kila uchao. Aliacha viazi vitamu, aliacha mihogo, aliacha karanga na ndizi mbivu, mara nyingine na asali. Chakula ambacho zamani Ngiri alikifuata mbali mpaka jua likamchoma mgongo, sasa kilimfuata mlangoni.

Ngiri akala. Akila, hofu inatulia. Hofu ikirudi, anakula tena. Asubuhi alikula kwa sababu ameamka. Mchana alikula kwa sababu hana la kufanya. Jioni alikula kwa sababu siku imepita na hakuna aliyemtembelea. Akishiba analala. Akiamka anauliza, "Punda kapita?"

Msimcheke. Dunia ikifungwa kila mmoja hutafuta pa kujishikiza, na Ngiri alijishikiza kwenye chungu.

Mwili ukaongezeka. Ukaongezeka taratibu, hata yeye hakuuona. Siku moja aliinama kuokota mwiko, shanga zake za kiunoni zikakatika, zikatawanyika chini, puruu!

Mumewe akatazama shanga, akamtazama mkewe.

"Uzi ulikuwa mbovu," akasema Ngiri.

"Ndiyo, ulikuwa mbovu," akasema mumewe, akageukia ndizi yake. Maana hata yeye tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia.

Sasa twende upande wa pili wa uzio.

Digidigi naye siku za mwanzo alikula na kulala, akala na kulala. Asubuhi moja alisimama, miguu ikamtetemeka. Akashtuka. Akajiambia, "Digidigi, homa haijakugusa, lakini unaumwa na kukaa." Akaweka chakula chake kwenye mafungu, fungu la asubuhi, la mchana na la jioni, na katikati akanywa maji. Kisha akatoka uwanjani akaanza kukimbia kuzunguka nyumba yake, akizunguka na kuruka, akizunguka na kuruka, huku anaimba:

*Ruka, mguu wangu, ruka,*
*uwanja ni mdogo, ruka,*
*njia zimefungwa, ruka,*
*siku zitafunguka, ruka!*

Haya, niitikieni. Ruka, mguu wangu—

— Ruka!

Uwanja ni mdogo—

— Ruka!

Hivyohivyo. Watoto wa Ngiri waliposikia wimbo ule, waliacha viazi vyao wakakimbilia tunduni. Wakachungulia, wakaitikia. Nao wakaanza kuruka upande wao, wanagongana, wanaanguka, wanacheka.

Ngiri alikuwa ndani. Alisikia kicheko cha watoto wake, na kicheko kile hakukileta yeye.

"Mnacheka nini?"

"Mama, njoo uone! Mama Digidigi anaruka mpaka juu ya kinu!"

Ngiri akaja, akachungulia. Akamwona shoga yake akiruka, manyoya yanameta, macho yanawaka, shingo imenyooka. Hakuwa amemtazama vizuri kwa siku nyingi.

Baba watoto naye akaja akachungulia. Akasema neno moja. Wanaume bwana! Akasema, "Lo, jirani yetu anazidi kung'aa."

Neno lile likamwingia Ngiri kama mchanga jichoni. Akalifikicha, likazidi kuwasha.

Tangu siku ile, Ngiri hakulala vizuri. Kila asubuhi wimbo ulipoanza, aliziba masikio. Alipoziba masikio, alisikia miguu. Tipu, tipu, tipu. Alijiambia, "Ananikomoa huyu. Anajua nimenenepa, ndiyo maana anaruka. Zamani alitembea nyuma yangu akimeza vumbi langu. Leo watoto wangu wanamtazama yeye. Mume wangu anamtazama yeye."

Hakujiuliza, "Nifanye nini niwe mzima?" Alijiuliza, "Nifanye nini naye awe kama mimi?"

Sikilizeni alichofanya.

Kwanza alipika. Alipika mihogo kwa tui zito, akaiunga karanga, akaimiminia asali juu. Akaiweka kwenye jiwe la tunduni, akarudi nyuma kama amri ilivyosema.

"Shoga! Nimekukumbuka. Kula, usibakishe. Umekonda wewe, unanitia huruma."

"Ee, shoga yangu, Mungu akuzidishie," akajibu Digidigi.

Digidigi akachota kiasi cha fungu lake. Kilichobaki akakipeleka upande wa pili, kwenye uzio wa Nungunungu mjane mwenye watoto wengi, akakiweka chini, akarudi nyuma. Watoto wa Nungunungu wakala wakalamba chungu.

Siku ya pili Ngiri akapika tena, tui likazidi. Siku ya tatu akapika tena, asali ikazidi. Na mpishi je, hapiki bila kuonja? Alionja chumvi. Alionja tui. Alionja kama mihogo imeiva, akaonja tena kama imeiva kweli. Chungu kilipofika tunduni, nusu yake ilikuwa imeshashuka tumboni mwa Ngiri.

Digidigi hakunenepa. Aliyenenepa ni Ngiri. Na Digidigi, kwa kutaka kulipa wema, akaweka kwenye jiwe fungu la mchicha na matango mabichi.

"Shoga, hivi ni vya kwako. Vinashusha joto la mwili."

Ngiri akachukua, akaenda akavitupa nyuma ya nyumba. "Amenitukana," akasema. "Amenipa majani, kana kwamba nimeomba dawa."

Na asubuhi wimbo ukaja uleule:

*Ruka, mguu wangu, ruka,*
*uwanja ni mdogo, ruka!*

Ndipo Ngiri akafanya la pili. Mchana, Digidigi akiwa amejipumzisha, Ngiri alikata matawi ya miiba, akayasukuma kwa mti mrefu kupitia tunduni. Akayapanga hapa moja, pale moja, kwenye njia ya mazoezi ipitayo karibu na uzio. Kisha akarudi ndani kungoja kilio.

Asubuhi Digidigi akatoka. Akaona miiba.

"Upepo huu!" akasema. "Umeniletea vikwazo."

Akaitazama kidogo. Kisha akarudi nyuma, akakimbia, akauruka wa kwanza. Akauruka wa pili. Akauruka wa tatu. Akageuka akarudi akiiruka tena. Watoto wa Ngiri tunduni wakapagawa.

"Juu zaidi, Mama Digidigi! Juu zaidi!"

Naye akaruka juu zaidi.

Ngiri alisimama nyuma ya watoto wake, meno yameuma mdomo. Ile miiba alikuwa ameikata kwa mikono yake, na mikono ilikuwa bado inamuuma. Machozi yakamtoka. Mumewe akamuuliza, "Unalia nini, mama watoto?" Akajibu, "Moshi." Na jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Hapo ndipo wivu ulipofika pabaya. Tazameni, mpaka sasa alikuwa ametuma chakula na ametuma miiba, mambo ya kike, mambo ya uani. Lakini asubuhi iliyofuata alikaa tunduni peke yake, akamchunguza Digidigi baada ya mazoezi. Digidigi alikuwa amesimama kivulini. Anahema. Jasho linamtoka. Vumbi likamwingia kooni, akakohoa mara moja.

Ngiri akatulia. Akarudia maneno yale moyoni mwake. Anahema. Anatoka jasho. Anakohoa.

Alijua pango lile lilivyo. Alijua kwamba waliotoka humo ni wachache kuliko walioingia. Alijua kwamba mzima akilala kati ya wagonjwa, hakai mzima. Yote hayo aliyajua. Akajifunga kanga yake akatoka.

"Unakwenda wapi, na amri ipo?" akauliza mumewe.

"Nina neno na Mkuu," akasema. "Neno la usalama wa wote."

Akaanza kupanda kilima cha Mawe Mekundu.

Tangu Homa ianze, Ngiri alikuwa hajatembea mbali kuliko jikoni. Alipopanda hatua za mwanzo, magoti yakalalamika. Akapanda. Kifua kikaanza kupanda na kushuka. Akapanda. Jasho likamtoka usoni, likamtoka mgongoni, likamwingia machoni, macho yakawa mekundu. Akapanda. Vumbi jekundu la kilima likamwingia puani na kooni. Alitaka kupumzika, lakini kila alipotaka kukaa alisikia tipu, tipu, tipu kichwani mwake, akainuka akapanda.

Alipofika juu, Tembo alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, na Korongo amesimama kando kwa mguu mmoja.

"Shi... shikamoo, Mkuu," akasema Ngiri.

"Marahaba, Mama Ngiri. Kuna nini?"

"Nimekuja... hee... kuleta habari. Jirani yangu... hee, hee... Digidigi... ana Homa. Nimemwona... hee... kwa macho yangu. Anahema."

Korongo akashusha mguu wa pili.

"Anahema?"

"Anahema! Na... hee... anatoka jasho."

Jasho likamdondoka Ngiri kidevuni, to, to, to, mpaka chini.

"Anatoka jasho?"

"Jasho... kabisa. Tena ana... ana..."

Vumbi lililokuwa kooni likapanda. Ngiri akakohoa. Akakohoa tena. Akainama, akashika magoti, akakohoa mpaka kanga ikamfunguka.

Tembo akarudi nyuma, akapiga kiti chake teke. Korongo akaruka pembeni, akanyoosha bawa.

"Usisogee!"

"Si mimi!" akalia Ngiri. "Ni yeye! Mimi nimepanda kilima tu!"

"Na yeye je?" akauliza Korongo. "Ulipomwona, alikuwa anafanya nini?"

Ngiri akafungua mdomo. Angesema nini? Akisema Digidigi alikuwa akiruka, shtaka lake limekufa. Asiposema, ni yeye anayehema mbele ya mganga. Akainama kuokota kanga yake.

"Dalili tatu nimeziona mwenyewe," akasema Korongo. "Na sharti ni lilelile kwa wote. Mpelekeni pangoni."

Wakaja askari wawili, mbwamwitu, wameziba pua kwa majani. Wakamsukuma kwa fito ndefu, wasimguse, mpaka mlango wa pango. Ngiri akapiga kelele. Akataja watoto wake, akataja jina la mumewe. Aliposikia vikohozi kutoka gizani mle ndani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga fito.

Wakamwambia, "Kaa hapo ukutani. Jua likivuka kilima utaingizwa ndani kwa wenzako."

Habari ikashuka kilima haraka kuliko maji. Baba watoto alipoisikia alikaa chini, akashika kichwa. Watoto wakalia. Wakakimbilia tunduni.

"Mama Digidigi! Mama amepelekwa pangoni!"

Digidigi alikuwa akila fungu lake la mchana. Akaliweka chini.

"Pangoni? Kwa nini?"

"Wanasema anahema, anatoka jasho, anakohoa!"

"Alikuwa wapi?"

"Alipanda kilima."

Digidigi hakuuliza tena. Aliruka uzio wa mbele, akaruka mawe, akaruka kijito kilichokauka. Alipanda kilima kile bila kusimama. Alipofika juu alikuwa anahema sana, na jasho linamtoka.

"Mwingine tena!" akasema Tembo, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Mkuu, usiogope. Nitasimama huku mbali," akasema Digidigi. "Korongo, baba yangu, nitazame. Nahema, sihemi?"

"Unahema."

"Natoka jasho, sitoki?"

"Linakutoka."

"Basi nisubirini, msiseme neno."

Akasimama kivulini. Akashusha pumzi, akapandisha. Akashusha, akapandisha. Wao wakamtazama tu. Taratibu kifua kikatulia, jasho likakauka, akawa kama hakupanda kitu.

"Homa haipumziki," akasema Digidigi. "Mgonjwa akikaa kivulini anazidi kuhema. Lakini anayehema kwa sababu ya kupanda, akipumzika anapoa. Mama Ngiri ni jirani yangu. Kila siku nasikia pumzi zake kupitia uzio. Haumwi Homa. Ni mzito tu, na hajatembea siku nyingi. Mwekeni kivulini, mumpe maji, mumtazame. Akizidi, muingizeni. Akitulia, mrudisheni kwa watoto wake."

Korongo akainamisha shingo, akafikiri. "Ni haki," akasema. "Mimi mwenyewe ningepaswa kungoja."

Wakamtoa Ngiri mlangoni pa pango, wakampandisha tena juu, wakamkalisha chini ya kivuli cha mwamba, wakamwachia kibuyu cha maji. Akakaa. Kifua chake kilichelewa. Kilichelewa sana, mpaka Digidigi mwenyewe akaanza kuogopa. Lakini kikatulia. Jasho likakauka. Kikohozi hakikurudi.

"Ni mzima," akasema Korongo.

Ngiri akainua macho akamwona Digidigi. Na hapo Tembo, ambaye alikuwa amekusanya ujasiri wake, akauliza neno ambalo lilikuwa halijaulizwa.

"Digidigi, unajua mwenzako alipanda huku kuleta neno gani?"

"Sijui, Mkuu."

"Mama Ngiri, mwambie."

Wenzangu, pango lile lilikuwa la kutisha, lakini Ngiri angependa kuingia mle kuliko kujibu. Akasokota ncha ya kanga. Akaifungua. Akaisokota tena.

"Nilikuja kukushtaki wewe," akasema. "Kwamba una Homa. Nilijua huna."

Digidigi akamtazama. Hakulia, hakutukana. Aliuliza tu, "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nini?"

"Ulikuwa unaruka," akasema Ngiri.

Digidigi akageuka akashuka kilima peke yake. Wala hakumngoja.

Ngiri akarudi nyumbani kwake jioni, anaburuta miguu. Watoto wakamrukia, mumewe akamwandalia chakula kingi cha kumpa pole. Akala matonge machache, akasukuma sahani.

Asubuhi alifumbua macho mapema akangoja wimbo. Wimbo haukuja. Siku ya pili akangoja. Haukuja. Siku ya tatu watoto wakasimama tunduni, wakaimba wenyewe, "Ruka, mguu wangu," hakuna aliyeitikia. Wakarudi ndani na vichwa chini.

Hapo Ngiri akajua jambo ambalo hakulitegemea. Wakati wimbo ule ulipokuwa ukimchoma, alidhani ukinyamaza atapona. Sasa umenyamaza, na maumivu yamebaki palepale, tena yamekosa pa kutupia lawama.

Siku ya nne alitoka uwanjani mwenyewe, watoto na baba yao wamelala. Akazunguka nyumba mara moja. Akahema, akakaa. Kesho yake akazunguka, akakaa, akazunguka tena. Akamwambia Punda, "Asali peleka kwa Nungunungu. Mimi niletee mchicha." Chakula chake akakiweka kwenye mafungu. Kuna siku alishindwa, akala fungu la jioni saa za mchana, akajikasirikia. Kesho yake akaanza upya.

Asubuhi moja akaenda tunduni, akasimama mbali kidogo.

"Shoga."

Upande wa pili ufagio ukaacha kufagia.

"Sikuiti unijibu. Nakuambia tu. Ile mihogo ya tui nilipika ili unenepe. Majani yako niliyatupa. Na ile miiba uwanjani kwako haikuwa upepo. Ilikuwa mimi."

Kisha upande wa pili sauti ikasema, "Miiba ilikuwa wewe?"

"Mimi."

"Nami nikauita upepo." Digidigi akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani. "Mihogo nakusamehe. Miiba nakusamehe. Lile la kilimani sikusamehe leo, shoga. Kesho sijui. Niache nalo."

"Nimekuacha nalo," akasema Ngiri.

Akageuka akaendelea kuzunguka nyumba yake. Puh, puh, puh, anakwenda kwa uzito, kichwa chini, macho chini, mkia unaburuta vumbi. Digidigi akasogea tunduni, akamchungulia. Akamtazama akizunguka mara moja. Akamtazama akizunguka mara ya pili. Mara ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Huo si mwendo!" akapiga kelele. "Unatembea kama unakwenda kuzika! Inua mkia huo, mwanamke! Inua mkia, utembee kama mwenye nyumba!"

Ngiri akashtuka, akauinua mkia ukasimama wima kama mwanzi. Kichwa nacho kikainuka. Akazunguka nyumba hivyo, mkia juu, na upande wa pili wa uzio akasikia, polepole, kwa sauti ya mtu ambaye bado ana kinyongo lakini ameshachoka kukaa:

*Ruka, mguu wangu, ruka,*
*uwanja ni mdogo...*

Niitikieni!

— Ruka!

Homa ilikaa ilivyokaa, kisha ikaondoka. Njia zikafunguliwa. Ngiri hakupata kuwa mwembamba kama Digidigi, maana ngiri ni ngiri na digidigi ni digidigi. Lakini alipanda kilima bila kuita jina la mama yake, na usiku alilala. Wivu nao haukufa siku moja. Ulikuwa ukija asubuhi nyingine kumtembelea, unamkuta ameshatoka kwenda kutembea, unageuka.

Na mpaka leo, ngiri akikimbia nyikani, tazameni mkia wake. Umesimama wima.

Funzo lenyewe nawaambia wazi, msije mkalitafuta. Siku za shida, mwili usiutupe. Kula kwa kiasi, inuka utembee, hata kama uwanja ni mdogo. Na ukimwona mwenzako anang'aa, usitafute namna ya kumzima. Mwulize anafanyaje, ufanye nawe. Aliyepika sumu ya wivu aliionja yeye kwanza, akaionja mpaka ikamjaa.

Kisa nimekifikisha. Kilichowakaa kichukueni, kisichowakaa niachieni mimi. Nifunge nisifunge?

— Funga!

Nimefunga. Haya, inukeni mnyooshe miguu.